Tunamwandikia Atakayeirithi: Ilani ya Waandika Programu

Sisi tunaotoa ilani hii ni watu tunaokula kwa kuandika programu. Wamo kati yetu waliojifunza kazi wakati programu nzima ilibebwa kwenye flopi moja ndani ya mfuko wa shati, na wamo waliozaliwa mwaka ule M-Pesa ilipoingia sokoni Kenya, 2007. Tunafanya kazi benki, hospitali, wizarani, kwenye kampuni za simu na vyama vya akiba na mikopo, na wengine wetu bado tumejibanza sebuleni kwa shemeji tukiungaunga bando. Hatukubaliani ni lugha gani ya programu iliyo bora, wala hatutarajii kukubaliana. Tumekubaliana jambo moja tu, na hilo moja ndilo lililotukusanya: programu huandikwa na mtu mmoja, ikaja kukaa na mwingine. Wakati wa kuiandika, wa kufikiriwa ni huyo mwingine.

Huyo mwingine yuko wa aina mbili. Yuko fundi atakayekalia kiti chako ukishaondoka, akafungua msimbo wako saa tano usiku kwa kuwa malipo yamekwama, na namba yako ya simu hana. Halafu yuko mtu wa mwisho kabisa, ambaye msimbo hatauona maishani mwake: mama anayebonyeza namba za umeme kwenye mita, karani anayefunga hesabu za siku, mgonjwa aliyesimama dirishani akiambiwa mfumo unasumbua. Wote hao hawakuwapo kwenye kikao cha kupanga kazi, na hakuna aliyewatuma wawakilishi.

Ilani za watu wa kompyuta zimekwisha kuwapo. Richard Stallman alitoa yake mwaka 1985, akidai mtumiaji awe huru kuiona programu anayoitumia na kuibadilisha. Mwaka 2001 wanaume 17 walikutana milimani Utah, Marekani, wakatoka na ilani fupi ya kufanya kazi kwa wepesi, ambayo tangu hapo imezaa vyeti, semina, na vikao vya asubuhi vya kusimama ambavyo miguu huwaka moto kabla havijaisha. Tunaziheshimu zote mbili. Lakini ya kwanza ilishughulika na haki, ya pili na namna ya kufanya kazi kwa pamoja. Sisi tunashuka chini zaidi, kwenye uamuzi mdogo anaoufanya mtu mmoja mbele ya skrini, bila kumwambia yeyote, akidhani ni wa wiki hii tu.

Tuutazame mmoja wa aina hiyo. Kila mwenye mita ya LUKU Tanzania au mita ya tokeni Kenya anaukumbuka mwaka 2024. Ulinunua umeme kama kawaida, na badala ya tarakimu 20 ulizozizoea ukapokea mafungu matatu ya tarakimu 20, na maelekezo kwamba uyaingize kwa mpangilio: la kwanza, la pili, kisha la tatu ambalo ndilo lenye umeme wenyewe. Watu walinung'unika. Wapo waliodhani ni matapeli. Wapo waliopachika mafungu kinyume, wakaita jirani, wakaita na mtoto wa jirani. Mashirika ya umeme yalisisitiza kwamba mita isiyofanyiwa hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba haitapokea tokeni tena.

Chanzo chake ni hiki. Mita hizo zinafuata kanuni iliyobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikasambaa nchi nyingi duniani. Ndani ya kila tokeni kumefichwa muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 32 kasoro kidogo, na zikaisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Na kwa kuwa mita imefundishwa kukataa tokeni ya zamani, mtu asije akatumia ileile mara mbili, tokeni mpya yoyote ingeonekana mbele yake kama kitu cha mwaka 1993.

Wapo watakaosema wabunifu walifanya uzembe. Hatukubali. Tokeni ilipaswa kuingizwa na kidole cha binadamu, kwenye vibonyezo vidogo, pengine gizani, maana mara nyingi mtu hununua umeme ukishakatika. Tarakimu 20 zinabeba biti 66 hivi. Humo kiingie kiasi cha umeme, uingie muda, na ziingie alama za kugundua kwamba mtu amekosea tarakimu moja. Kila biti uliyoongeza ilimwangukia mnunuzi kwenye kidole. Walipokata 24 kwa ajili ya muda walikuwa wanamhurumia mtu wa mwisho. La muhimu zaidi ni kwamba kanuni yao ilikuwa na njia ya kubadilisha ufunguo wa mita kwa tarakimu zilezile za kubonyeza, na njia hiyo ndiyo iliyotuvusha. Mita nyingi hazikung'olewa ukutani, na fundi hakulazimika kuzungukia nyumba moja moja. Tarakimu 40 za ziada, mara moja katika miaka 32, ni bei nafuu. Laiti mifumo yote ingetuaga kwa adabu kama hiyo.

Linganisha na lile linalokuja. Kompyuta za ukoo wa Unix, mfumo ulioanza Bell Labs mwaka 1969, zilizoea kuhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, ndani ya biti 32. Hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Seva za kisasa zimekwisha kuhamia biti 64, hilo halitupi homa. Kinachotupa homa ni vile vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine za viwandani, kwenye mageti na kwenye mitambo ya kupima maji, ambavyo aliyeviandikia programu alikwisha kubadili kazi na ofisi yake imegeuzwa duka la nguo. Orodha ya viliko hakuna aliye nayo.

Kwa hiyo la kwanza tunalojifunga nalo ni hili: ukiweka ukomo, uutaje kwa maandishi pale pale ulipouweka, useme utafika lini, na uache njia ya kuuvuka ambayo mtu asiyekujua anaweza kuifuata. Programu isiyo na ukomo haipo. Zipo ambazo ukomo wake umefichwa.

Tunaingia kwenye lililotuuma zaidi.

Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilifunga katika ofisi zake ndogo mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulipoonyesha pesa pungufu, aliyebanwa ni mwendesha ofisi. Waendesha ofisi walijieleza kwamba hawakugusa hata senti. Wakajibiwa kwamba kompyuta ndiyo iliyosema. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba kulipa deni ambalo halikuwapo, na waliojiua. Ni mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu iliposema mfumo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kuzua upungufu ule, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Mojawapo ya hitilafu hizo ilijitokeza Dalmellington, mji mdogo wa Uskoti, mwaka 2015. Mtumishi alikuwa anathibitisha pesa taslimu zilizoletwa ofisini. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, kisha tena. Kila alipobonyeza, mfumo ulihesabu kimyakimya kwamba mzigo mwingine wa pesa umeingia, na mwisho wake ofisi ikaonekana ina upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuchapishwa.

Nani kati yetu hajawahi kubonyeza mara ya pili? Mtandao unasumbua, umeshabonyeza Lipa, kiduara kinazunguka tu, mwenye duka anakutazama, foleni nyuma yako inakohoa. Unabonyeza tena. Kosa si lako. Kosa ni la aliyeandika programu akiwa ofisini, na intaneti ya kasi, akajaribu mara moja, ikafanya kazi, akaenda kula. Dawa yake inajulikana miaka mingi na haizidi mistari kadhaa: kila ombi la malipo lipewe namba yake ya pekee huko huko kwenye simu kabla halijatumwa, na seva ikiletewa namba ambayo imekwisha kuishughulikia irudishe jibu lile la kwanza bila kugusa salio. Ombi likifika mara kumi, pesa itoke mara moja. Tunasema wazi kwamba kupeleka sokoni mfumo wa malipo usio na kinga hii ni utovu wa nidhamu ya kazi, na tutausema hadharani popote tutakapoukuta, hata kama mwenye mfumo ndiye anayetulipa mshahara.

Hapo hapo tunaikataa ile kauli inayozunguka kwenye madirisha yote ya nchi zetu: mfumo umekataa. Mfumo hauna utashi wa kukataa. Kuna mtu aliandika sharti, na sharti linaweza kuwa bovu. Kila mfumo tutakaoujenga utaweka kumbukumbu ya alichofanya nani na saa ngapi, kumbukumbu ambayo anayetuhumiwa anaweza kupewa, kuisoma na kuipinga. Karani awe na njia ya kusema mashine imekosea, na maneno yake yahifadhiwe mahali ambapo mtengenezaji atayaona. Mwendesha ofisi wa Dalmellington angekuwa na njia hiyo, hadithi ingeishia siku hiyohiyo.

Na ujumbe wa hitilafu uandikwe na mtu mzima mwenye huruma. Mtu ametuma ada ya shule ya mtoto, simu inamjibu: Ombi lako halikufanikiwa. Basi. Pesa imetoka au haijatoka? Arudie au asubiri? Atalala vipi? Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha: Malipo hayajafika, pesa yako ipo, jaribu tena. Au kama mfumo wenyewe haujui, useme kwamba haujui, na useme jibu litakuja saa ngapi. Tumeona timu za watu wanane zikitumia wiki mbili kuchagua rangi ya kitufe na dakika moja kuandika ujumbe huo.

Kuna mambo madogo ya kwetu ambayo vitabu vya programu havitaji, kwa kuwa waliovitunga hawaishi huku. Tunayataja hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeyataja.

Majina. Chukua ukoo wa Ng'ang'a, au Wang'ombe, au jina lolote la Kisukuma linaloanza na Ng'w. Programu iliyoandikwa kwa kuunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya kanzidata itavunjika ikikutana na kile kialama cha juu, maana kwa kanzidata alama hiyo humaanisha maneno yameishia hapo. Mwandishi mvivu hufanya nini? Anaweka sharti kwamba jina lisiwe na alama, na raia analazimika kujiita Nganga kwenye fomu ya serikali yake. Anachokosa kuelewa ni kwamba mlango uleule uliovunjwa na jina la mzee Ng'ang'a ndio anaoupitia mwizi wa taarifa, kwani udukuzi wa kanzidata wa aina ya zamani hutumia alama hiyo hiyo. Jina likiuangusha mfumo wako, mshukuru mwenye jina. Amekufanyia ukaguzi wa usalama bila malipo.

Alama hiyo ina kisa kingine, cha bei. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Lakini mtu akinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, kile kialama hugeuka kile kilichojikunja, ambacho hakimo katika orodha ya herufi za kawaida za simu. Kimoja tu kikiingia, ujumbe mzima unahamia mpangilio mwingine wenye nafasi ya herufi 70. Tangazo la herufi 150 lililokuwa ujumbe mmoja linakuwa ujumbe wa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Chama cha wakulima chenye wanachama maelfu kinaweza kulipa mara tatu ya bajeti yake kwa ajili ya alama iliyopinda kwenye neno ng'ombe, na asijulikane wa kulaumiwa. Mistari mitatu ya msimbo ya kunyoosha alama kabla ya kutuma ingeokoa fedha hizo.

Pesa nazo. Kanuni ya kimataifa ya sarafu inaipa shilingi ya Kenya tarakimu mbili baada ya nukta, na ya Tanzania vivyo hivyo ingawa senti zenyewe hatujaziona siku nyingi. Shilingi ya Uganda haina hata moja, wala faranga ya Rwanda, wala ya Burundi. Mfumo ulioandikwa Nairobi kwa kudhani kila kiasi kimezidishwa kwa mia moja, ukivuka mpaka wa Busia unaweza kumdai mtu mara mia. Halafu kuna wanaohifadhi pesa kwa namba za nukta inayoelea, ambazo kwa umbile lake haziwezi kushika sehemu ya kumi sawasawa. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba hizo, itakuletea 0.30000000000000004. Pesa ihifadhiwe kwa namba kamili, pamoja na jina la sarafu yake, kila mahali, bila kujali nani ana haraka. Hili hatulijadili.

Na muda. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na hatusogezi saa majira yakibadilika. Seva nyingi huishi kwa saa ya dunia. Mwandishi asipoangalia, siku ya biashara inafungwa saa tisa usiku wa kwetu, na mauzo ya baa ya usiku wa manane yanaingia jana. Mhasibu atatafuta tofauti hiyo mwezi mzima. Kuhusu wale wanaomtumia mkulima ujumbe kwamba mkutano ni saa 8:00, wakamaanisha asubuhi, na mkulima akafika mchana kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefika, hatuna la kuongeza.

Sasa ukubwa. Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa za kasi. Hali haijapoa tangu hapo. Leo programu ya kuonyesha salio la chama cha kukopa inapakua makumi ya megabaiti kwenye simu ambayo mwenyewe amefuta picha za harusi ili ipate nafasi. Waliojenga huduma za USSD, zile menyu za nyota na reli, walikuwa na herufi 182 kwa skrini moja, na kikao kinachokatika wakati wowote. Ndani ya kizimba hicho wakajenga kutuma pesa, kulipa maji, kukopa, kukagua deni la mkopo, na simu ya kitochi ya bei rahisi kuliko zote ikaweza. Vijana wengi wanaidharau kazi ile kwa sababu haina rangi. Tunawaomba wakaisome. Kila neno lililopo kwenye menyu za namna hiyo limepiganiwa.

Tunatetea programu fupi, na kufuta msimbo tunakuhesabu kuwa kazi halali ya siku. Tunatetea pia kujua ulichokiazima. Machi 2016 mwandishi mmoja aliyegombana na wenye ghala kubwa la maktaba za msimbo aliondoa kazi zake zote, na kati yake ilikuwamo maktaba ndogo iitwayo left-pad, mistari 11, ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Miradi mingi duniani ikagoma kujengeka, mingine ya kampuni kubwa, kwa kuwa ilitegemea kitu kilichotegemea kitu kilichotegemea mistari ile. Wengi wa walioangukiwa hawakujua kwamba wanaitumia. Kuazima si aibu, hakuna anayejenga kila kitu mwenyewe. Ila mtu aijue orodha ya wadai wake.

Na tunawasikiliza watumiaji hata wanapokiuka mpango. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, mpango wa Vodafone na Safaricom ulikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Waliopewa simu wakaanza kuigeuza: wanatumiana wao kwa wao, mtu anaweka pesa mji mmoja na kwenda kuitoa mji mwingine ili asisafiri nayo mfukoni. Kiongozi mwenye kiburi angeyaita matumizi mabaya na kuyafungia. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, na wenzao, wakatazama, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Mikopo ikawekwa pembeni. Aliyebuni huduma ile kwa sehemu kubwa ni yule mtu wa majaribio, ambaye jina lake halimo kwenye tuzo yoyote.

Kwa mabosi tuna machache. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wanafanya kazi. Nusu karne imepita na bado kila mradi ukichelewa tunaletewa watu sita wapya Jumatatu asubuhi. Tafadhalini. Tukisema hatujui kazi itachukua muda gani, mara nyingi ndiyo ripoti sahihi kuliko zote mtakazopokea mwezi huo. Na mkandarasi akiwaletea mfumo bila maelezo ya maandishi, bila majaribio yanayoweza kurudiwa na bila msimbo wenyewe, msisaini. Mkisaini, mtakuwa mmenunua mfumo mtakaoweza kuurekebisha kwa hisani yake tu.

Imebaki ile teknolojia inayobishaniwa kila kona, mashine zinazoandika msimbo zenyewe. Nasi tumebishana juu yake, usiku kucha. Hatuipigi marufuku, wengi wetu tunaitumia, na wanaosema hawaitumii wana historia ya kivinjari inayosema vingine. Msimamo tuliofikia ni mfupi. Anayeuweka msimbo kazini awe anaweza kuueleza mstari kwa mstari kwa mtu mwingine, bila kuuliza mashine. Akishindwa, usiingie. Kuandika kumekuwa rahisi mno, na mzigo wote umehamia kwa anayesoma, yule yule wa saa tano usiku. Mashine haitapigiwa simu malipo yakikwama.

Hatujapata jina la kikundi chetu. Kamati iliyopewa kazi hiyo imerudi mikono mitupu, na hakuna aliyeshangaa, maana kila mmoja wetu ameshapoteza nusu saa akitafuta jina la kipande kimoja cha msimbo kisha akakiita data2. Kwa sasa tuna utaratibu tu.

Kujiunga hakuna kiingilio. Uje na msimbo ulioandika mwenyewe, ambao uko kazini sasa hivi, usiozidi ukurasa mmoja. Mwenzako asiyeufahamu atausoma kwa sauti mbele ya wote, akisema kila mstari anadhani unafanya nini. Akikwama, wewe huruhusiwi kumsaidia. Unaandika alipokwama. Akimaliza unasoma orodha yako, unakwenda kurekebisha, na mkutano unaofuata anausoma mtu mwingine. Mikutano ni kila mwezi, kwa zamu, mahali penye meza na chai, na maelezo ndani ya msimbo yawe kwa lugha ambayo fundi wa eneo lenu anaisoma bila kuhangaika, Kiswahili au nyingine. Wanafunzi waje. Waliostaafu waje, tunawahitaji kuliko wanavyodhani, hasa walioandika vile vifaa vilivyofungwa ukutani. Mabosi nao wanakaribishwa, kwa sharti lilelile la ukurasa mmoja.